Kufumba Macho Si Kulala

Hotuba kwa walimu, wazazi na wanafunzi wa sekondari, Temeke, Dar es Salaam

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi mlioacha biashara zenu Jumamosi ya leo mkaja kubanana kwenye madawati ya watoto, shikamooni wakubwa, na rika langu habari za asubuhi. Wanangu mlionisalimu pale getini, marahaba. Nimeombwa nizungumze kuhusu msamiati wa Kiingereza, na najua mlitarajia nije na maneno ishirini au thelathini. Nimekuja na moja tu. Nimefundisha Kiingereza katika shule za wilaya hii miaka mingi, na tangu nilipostaafu natafsiri barua na hati za watu nyumbani kwangu Mbagala. Katika kazi zote mbili hakuna kitenzi kilichonisumbua kama hiki. Ni connive. Kinatamkwa ka-NAIV, mkazo unaangukia mwishoni. Si "konive", kama tunavyokisoma tunapokutana nacho karatasini mara ya kwanza.

Mwulize mtu yeyote wa hapa mjini aliyepita sekondari, connive maana yake nini. Atakujibu bila kufikiri: kula njama. Hata mimi nilikifundisha hivyo. Niliandika ubaoni, connive, kula njama, wanafunzi wakanakili, tukaenda neno linalofuata. Leo nimekuja kulirudia somo hilo, kwa sababu nililifundisha nusu, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyokuja kugonga mlango wangu.

Iligonga jioni moja, muda wa magharibi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alifika barazani akiwa na karatasi aliyoikunja mara nne ndani ya mfuko wa shati. Alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku katika bohari moja kule Kurasini. Jina la bohari sitalitaja. Barua ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja, ikimtaka ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba. Kabla ya kuja kwangu alikuwa ameipeleka steshenari, na aliyemsomea pale alimwambia mstari mmoja unasema hivi: unatuhumiwa kula njama ya kuiba mifuko ya mchele. Kijana hakuwa amelala siku mbili. "Mama," aliniambia, "mimi sijakaa na mtu yeyote kupanga wizi. Niapishwe kwa msahafu. Sijapanga na mtu."

Nikavaa miwani, nikausoma ule mstari. Aliyeandika hakuandika connived with. Aliandika connived at. Tofauti yote ilikuwa katika hicho kineno cha herufi mbili, a na t. Nikaishusha karatasi magotini, nikamuuliza, "Mwanangu, hiyo mifuko ilipokuwa inatoka, wewe ulikuwa wapi?" Akanyamaza. Baraza langu linatazama njia. Bodaboda zikapita, moja, mbili, tatu, bado amenyamaza. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwepo getini. Niliwaona."

Nitarudi kwa kijana huyu. Kwanza tulifungue neno lenyewe.

Connive limetoka katika Kilatini, connivere, na Warumi walipolitamka walikuwa wanazungumzia kope. Kufumba macho, kufunga kope. Lina undugu na neno lao jingine, nictare, kupepesa jicho, kukonyeza. Waingereza walianza kulitumia mwanzoni mwa karne ya 17, na walipolipokea hawakulipokea kwa maana ya kupanga uovu. Walilipokea kwa maana ya kuuona uovu, kuujua kuwa ni uovu, kisha kujifanya macho yako hayakuona. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza huko London mwaka 1755, alilipa neno hili maana mbili. Ya kwanza ni kukonyeza. Ya pili ni kujifanya kipofu, kujifanya hujui, kuliacha jambo lipite bila kulikemea. Njama haimo.

Sasa jisikilizeni wenyewe. Sisi na Warumi hatukupata kukaa baraza moja, lakini Mswahili naye akitaka kulisema jambo hilo anasema kufumbia macho. Kope zilezile. Tulikuwa na tafsiri kamili ya neno hili mdomoni, halafu tukaenda kuokota nyingine.

Naomba walimu wa Kiswahili wanisaidie hapa, maana hapa ndipo lugha yetu inapong'aa. Kufumba macho anafumba kila mtu usiku akilala. Hakuna kosa. Mtoto akicheza kombolela anafumba macho ukutani akihesabu. Hakuna kosa, ila kama vidole vimeachia upenyo. Lakini kufumbia macho ni jambo jingine kabisa, na kilichoongezeka ni irabu moja tu, ile i ya katikati. Fumba, fumbia. Irabu hiyo inaelekeza tendo kwa kitu au kwa mtu fulani, kama tunavyosema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Ukisema umefumba macho, hujanitajia kitu. Ukisema umefumbia macho, lazima nikuulize: umefumbia macho nini? Lazima kuwe na jambo mbele ya hizo kope. Basi ile at ya Waingereza, ambayo wanafunzi wetu wanaipoteza kila mtihani na kupoteza alama pamoja nayo, kwetu imekaa ndani ya tumbo la kitenzi. Mwanafunzi ukimwambia hivyo hasahau tena.

Andikeni sentensi mbili. Ya kwanza: The guard connived at the theft. Mlinzi aliufumbia macho wizi. Ya pili: The guard connived with the thieves. Mlinzi alikula njama na wezi. Mlinzi ni yuleyule, usiku ni uleule, mchele ni uleule. Katika ya kwanza hakuzungumza na mtu. Katika ya pili walikaa, wakapanga, wakagawana. Mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa sentensi ya kwanza na kufungwa kwa ya pili, na mtafsiri ndiye anayemtoa huku akampeleka kule.

Walimu wa baiolojia msinune, na ninyi neno hili mnalo. Mikunjo ya utumbo mwembamba, ile inayozunguka ukuta wa ndani na kuongeza eneo la kufyonza chakula, vitabu vya zamani viliiita valvulae conniventes. Kwa nini? Kwa sababu mikunjo hiyo inaelekeana kama kope zinazotaka kufunga. Na wataalamu wa mimea mpaka leo wakiona petali zilizoinamiana ncha kwa ncha wanaziita connivent. Huko hakuna dhambi yoyote, ni kope tu. Nalitaja ili mwone kwamba picha ya jicho sijaitunga mimi, imo ndani ya neno.

Ngoja niwaonyeshe jicho lenyewe. Mama yangu alikuwa mkaanga samaki. Nikiwa msichana mdogo nilikuwa nikimfuata alfajiri mnadani Feri kumbebea ndoo. Mnajua mnada wa pale: samaki wamemwagwa juu ya meza iliyolowa, dalali anaita bei, wanunuzi wamemzunguka bega kwa bega, maji ya samaki yanachuruzika mpaka kwenye kandambili. Siku hiyo lilikuwa fungu la vibua, wazuri, bado wanang'aa. Mama alikuwa ameshikilia noti zake, anajiandaa kupandisha. Dalali akamtupia jicho mnunuzi mmoja aliyekuwa kaegemea nguzo, yule mtu akakonyeza mara moja, na kabla mama hajafungua mdomo dalali akapiga mkono mezani. Imekwenda. Kwa bei ya mama, kwa mtu mwingine.

Watu wakaguna. Kulikuwa na mzee mmoja pale, kazi yake ilikuwa kusimamia mnada na kukusanya ushuru, na alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye ile meza. Aliona kila kitu. Mama akamgeukia. Yule mzee akageuza uso polepole akatazama baharini, kama mtu anayehesabu ngalawa zinazoingia. Akaendelea kutazama mpaka mama alipochoka kumsubiri.

Njiani, tukirudi na ndoo nusu, nilitegemea mama amlaani dalali. Hakumtaja kabisa. Alisema, "Yule anayetazama bahari."

Dalali na yule mwenye nguzo walikula njama. Hao ni with. Mzee wa ushuru ni at. Nilisoma Kiingereza, nikahitimu ualimu, nikafundisha neno hili miaka yote hiyo, na sikuwahi kumkumbuka mzee yule mpaka barua ya kijana iliponilalia magotini.

Wapenzi wa Shakespeare watakumbuka kwamba neno hili limo katika tamthilia ya The Winter's Tale, ambayo ilichezwa London mwaka 1611. Mwalimu Nyerere alituachia tafsiri za tamthilia mbili za Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hii hakuifikia, na mimi naona ni pengo ambalo kijana mmojawapo humu angeweza kuliziba. Ndani yake yumo mchuuzi mmoja anayeitwa Autolycus, mwizi wa mifukoni, mwepesi wa vidole na wa ulimi. Mambo yanapomnyookea anasema hakika miungu mwaka huu wanatufumbia macho, tunaweza kufanya lolote. Kitenzi alichotumia ni connive at. Hasemi kwamba miungu wamekaa naye kupanga wizi. Anasema wanaona na wanamwacha. Mwizi analielewa neno hili kuliko msomi, kwa sababu anaishi kwa hisani yake.

Basi njama iliingia wapi? Maana siwezi kusimama hapa nikawaambia kwamba connive with ni kosa. Si kosa. Waingereza wenyewe, na Wamarekani zaidi yao, wameliburuza neno kutoka kwenye kope mpaka kwenye kikao. Leo ukimsikia mtu kwenye tamthilia ya televisheni akimwita mwenzake conniving, hamaanishi kwamba anafumba macho. Anamaanisha ni mtu wa hila na figisu, anayesuka mipango chini kwa chini. Walikuwapo wataalamu wa lugha waliolalamika kwamba neno linapotoshwa. Lugha haikuwasikiliza. Kamusi za leo zinaweka maana zote mbili, na mwanafunzi anatakiwa azijue zote mbili.

Njama yetu nayo ilitembea. Kamusi za zamani, kama ile ya Madan iliyochapwa Oxford mwaka 1903, zinaieleza kuwa baraza la siri, mazungumzo ya faragha. Wazee wangeweza kukaa njama kuhusu mahari ya binti yao na lisiwe jambo baya. Leo nani atakuambia kakaa njama ya harusi? Neno limechacha. Na tazameni kitenzi tulichoipa: kula. Tunakula njama, kama tunavyokula kiapo na kula rushwa. Nimekaa nikawalinganisha Warumi na sisi katika jambo hili na limenipa raha kubwa, kwa hiyo nivumilieni. Kiingereza kimerithi kutoka kwao vitenzi vitatu vya ujanja wa pamoja. Kuna conspire, ambacho asili yake ni kupumua pamoja, vichwa vimekaribiana hadi pumzi zinachanganyika. Kuna collude, ambacho asili yake ni kucheza pamoja, na sisi tunasema hivyohivyo, hapa kuna mchezo. Na kuna connive, kufumba macho. Pumzi, mchezo, kope. Mswahili yeye kaweka sahani katikati. Kwake watu hawawi kitu kimoja mpaka wamekula.

Neno scheme nalipitia haraka kwa sababu limewaponza wengi. Kwa Mmarekani, ukisikika ukisema scheme, tayari ananusa utapeli. Uingereza linaweza kuwa mpango wa kawaida kabisa, na sisi tumelipokea kwa upande huo: skimu ya umwagiliaji kule Mbarali haina hila yoyote ndani yake. Lakini likiwa kitenzi, to scheme, kote ni kupanga kwa hila. Jina ni safi, kitenzi ni kichafu. Tuendelee.

Sharti la connive, sharti ambalo bila hilo neno linaanguka, ni kujua. Sote tumekua na hadithi ya Sungura na kisima. Wanyama wamechimba kisima wakati wa ukame, Sungura hakuchimba, kwa hiyo hana ruhusa ya kunywa, na kila usiku anawekwa mlinzi. Sungura anakuja na kibuyu cha asali, anamwonjesha mlinzi, anamwambia asali hii haikolei utamu ila ukiwa umefungwa kamba. Mlinzi anakubali kufungwa, Sungura anakunywa, anaoga humohumo, anaondoka. Je, mlinzi yule alifanya connive? Hapana. Alihadaiwa, alizidiwa akili, na Kiingereza kina maneno mengine ya hilo. Alikuwa macho, ila mjinga. Chukua mlinzi mwingine, aliyesinzia kwa uchovu hadi wezi wakapita. Huyo naye siyo. Huyo ni mzembe, na uzembe una adhabu yake. Connive ni ya yule wa tatu, aliyesikia nyayo, akafungua jicho moja, akamtambua anayepita, kisha akalirudisha lile jicho likafungwa na akaanza kukoroma. Kope za mzembe zimefungwa na usingizi. Kope za huyu amezifunga mwenyewe.

Wanasheria wanalijua sharti hili vizuri. Uingereza ilipotunga sheria yake ya talaka mwaka 1857, iliweka kwamba mtu anayedai talaka kwa sababu ya uzinzi wa mwenzake atakataliwa kama yeye mwenyewe aliufumbia macho uzinzi huo. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume au mke nafasi ya kumdai fidia aliyezini na mwenzi wake, na humo pia lile neno limeingia: ikionekana mdai aliridhia au aliufumbia macho uzinzi, dai linatupwa. Jaribuni kuweka "alikula njama" mahali hapo. Mume aliyejua, akaona mkewe analetewa zawadi, akala zile zawadi na akakaa kimya, hakula njama na mtu yeyote, hajapanga chochote na yule bwana. Ukitafsiri kwa njama, atatoka mahakamani anatabasamu, na fidia juu.

Na wanasheria wametenganisha kitu kingine ambacho sisi tunakichanganya kila siku. Kuna connive, na kuna condone. Connive ni kabla ya jambo au wakati linatendeka: unajua, unaliacha litendeke. Condone, kwa lugha ya mahakama, ni baada: limeshatendeka, umelijua, umesamehe na maisha yameendelea. Kiswahili kina kufumbia macho kwa la kwanza na kusamehe kwa la pili. Tuyaache mbalimbali. Aliyesamehe amelitazama kosa usoni.

Nalisisitiza hili kwa sababu wakati umefika. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Tumelipigania jambo hilo, na mimi nililipokea kwa machozi, nawaambia kweli. Lakini sheria nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, na kila neno kama hili linapovuka kuja kwetu linahitaji mtu wa kulishika mkono. Mtu huyo atakuwa mmoja wenu mnaokaa kwenye madawati haya. Akifundishwa nusu, atavusha nusu.

Mtaani hatuna shida ya maneno. Kila siku vijana wanatengeneza mapya, na mengi yanahusu jambo hilihili. Kijana akiona konda anamzidishia mama wa watu nauli, rafiki yake anamwambia kausha. Anamwambia potezea. Anayejua siri ya ofisi na hasemi, amekula buyu. Wazee wetu waliita kujitia hamnazo. Na tuna methali ile, funika kombe mwanaharamu apite. Mimi siwezi kuilaani methali hiyo, kwa sababu pana mahali pake. Mtoto amekuja shule na viatu vya rangi isiyo ya sare, unajua baba yake amelazwa, unageukia ubaoni unaandika tarehe. Kiingereza kitasema overlook, umepitiliza jicho kwa huruma. Hakitasema connive, kwa sababu connive inataka pawepo anayeumia na wewe ulipaswa kumlinda. Mama yangu aliumia. Mzee wa ushuru aliwekwa pale kwa ajili ya watu kama mama yangu. Hapo ndipo neno linapobana, na ndiyo maana siwezi kukubali liishie kwenye njama. Njama inawahusu waliopanga. Tukilibakiza hapo, mzee yule anaendelea kutazama bahari na hakuna neno la kumwita.

Sasa kijana wangu.

Tulikaa barazani mpaka adhana ya isha. Nilimweleza yote haya, kwa ufupi kuliko nilivyowaeleza ninyi. Alielewa upesi. Alisema, "Kwa hiyo hawasemi nilipanga. Wanasema niliacha." Nikamwambia ndiyo. Akavuta pumzi, mabega yakashuka. Akasema basi tujibu ukweli. Nikachukua kalamu, nikaandika rasimu kwa Kiswahili kwanza, namsomea mstari mmoja mmoja naye anaitikia kwa kichwa. Sikula njama na mtu yeyote. Niliona mifuko ikitolewa kwa mlango wa nyuma saa nane usiku. Nilimtambua mmoja wao, ni mkubwa wangu wa zamu. Niliogopa kupoteza kazi, nikanyamaza. Akaitikia yote.

Nikaongeza mstari wa mwisho, niliouona unamsaidia: sikupewa kitu chochote.

Hakuitikia. Alitazama njia. Akaniomba nimsomee tena huo wa mwisho, nikamsomea. Akasema, "Huo ufute, Mama. Asubuhi yake alinipa elfu kumi. Akasema ya chai. Nikapokea."

Nikaufuta. Nikaikamata tena ile kalamu ili niandike Kiingereza chake, nikaandika I connived, nikasimama hapo. Wino ukafanya doa. Kidato cha tatu, leteni mikono: baada ya hiyo elfu kumi, niandike at, au niandike with?